Siku 63 za kupokezana mtu mmoja: kisa cha Jan Baalsrud, Norwei 1943

Mwaka 2017 ilitoka filamu ya Kinorwei inaitwa Den 12. mann, yaani mtu wa 12. Nimeiangalia mara mbili na mara zote mbili machozi yamenitoka, na sio kwenye risasi wala kwenye baridi, ni pale watu wa vijijini wanapoanza kuingia mmoja mmoja, huyu anapiga makasia, yule anavuta kamba, wengine hata hawajuani, kinachowaunganisha ni mgeni mmoja mgonjwa ambaye hawana undugu naye wa aina yoyote. Basi nikaanza kusoma kisa chenyewe maana ni cha kweli, kimetokea, na nikaona karibu kila anayekisimulia anakisimulia kama kisa cha mwanaume mmoja wa chuma aliyeishinda baridi na kuwashinda Wajerumani. Mimi sikioni hivyo, na nitaeleza kwanini.

Hebu tuanze na hesabu. Jan Baalsrud, ndiye huyo mgeni mgonjwa, aliponyoka mikononi mwa Wajerumani tarehe 30 Machi 1943, akaingia Uswidi, nchi jirani isiyokuwa vitani, tarehe 1 Juni 1943. Hizo ni siku 63. Siku alizotembea kwa miguu yake mwenyewe ni kama 10 za mwanzo tu. Zilizobaki zote alikuwa amelala: ghalani, kibandani, kwenye shimo la theluji, juu ya sleji (kile kigari kisicho na magurudumu kinachovutwa juu ya theluji). Zaidi ya siku 50 huyu jamaa alikuwa mzigo, na mzigo haujibebi. Sasa hizo siku 50 nani alikuwa anafanya kazi?

Kidogo kuhusu ilikotokea. Norwei ilivamiwa na Ujerumani Aprili 1940, vijana wengi wakatorokea Uingereza, wakafundishwa ukomandoo, wakawa wanarudishwa kwao kimyakimya kwa boti za uvuvi kutoka visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti. Jan alikuwa mmoja wao, kijana wa miaka 25 kutoka Oslo, kabla ya vita kazi yake ilikuwa kutengeneza vifaa vya wachora ramani. Tarehe 24 Machi 1943 wakaondoka watu 12 ndani ya boti inaitwa Brattholm, imebeba tani 8 za baruti, shabaha yao kubwa ni uwanja wa ndege wa kijeshi wa Bardufoss kule kaskazini kabisa, maana ndege za Wajerumani za kaskazini ndizo zilizokuwa zinazishambulia meli zinazopeleka misaada Urusi. Tarehe 29 wakafika, wakajificha Toftefjord, kwenye fjodi ndogo (fjodi ni ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya milima). Pale walikuwa na jina la mtu wa kumwamini, mwenye duka.

Na hapa ndipo kila kitu kilipoharibika. Yule mwenye duka waliyepewa jina lake alikuwa ameshafariki, na aliyechukua duka lake alikuwa na jina lilelile. Jamani. Watu wametoka Shetland kwenye bahari ya machafuko siku zote hizo, wanagonga mlango ulio sahihi, wanataja jina lililo sahihi, anayefungua siye.

Naomba tusimame kidogo kwa huyu mwenye duka, maana ndiye mtu ninayemfikiria zaidi kuliko hata Jan. Usiku wanakuja watu wasiojulikana, wanaongea Kinorwei, wanamwambia siri kubwa ambayo yeye hajaiomba. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walikuwa na tabia hiyohiyo, wanatuma watu wao wajifanye wapiganaji ili wajue nani anasaidia. Kwahiyo kichwani mwake kuna mambo mawili: kama hawa ni kweli, akinyamaza wako salama. Kama hawa ni mtego, akinyamaza amekwisha yeye na familia yake. Hana njia ya kuhakikisha, hana muda. Akaogopa, akamwambia mtu, yule mtu akafikisha kwa Wajerumani. Baada ya vita alihukumiwa jela. Sisemi hakukosea, amekosea na watu 11 wamekufa. Ninachosema ni kwamba swali aliloulizwa yeye ndilo hilohilo waliloulizwa wengine wote wanaofuata kwenye kisa hiki, lile la mgeni mlangoni, utafanyaje, na wote walikuwa na hofu ileile. Ndio maana nasema ukitaka kukielewa kisa hiki lazima uanzie kwake.

Kesho yake mchana, tarehe 30, meli ya Wajerumani ikaingia. Wale jamaa wakalipua boti yao wenyewe ili isikamatwe, wakajitupa majini kwenye maji ya baridi kali kule juu ya mstari wa aktiki. Mmoja akapigwa risasi palepale. Kumi wakakamatwa, wawili kati yao wakafa kutokana na mateso na wanane wakapigwa risasi kwenye mji wa Tromsø tarehe 2 Aprili. Aliyebaki ni mmoja. Jan akapanda korongo la theluji mguu mmoja una buti mwingine uko wazi, kidole gumba cha mguu kimekatwa na risasi, akafyatua pistoli yake akamwangusha ofisa aliyekuwa anamfuata, akarudi majini akaogelea tena mpaka kisiwa kingine.

Waliomkuta pale ni wasichana wawili wadogo.

Wakampeleka nyumbani, mama zao wakamkausha, wakampa nguo na kiatu cha ule mguu uliokuwa wazi. Hao ndio watu wa kwanza kwenye mnyororo, wanawake na watoto. Wangeweza kusema hatukuona kitu na hakuna ambaye angewalaumu.

Hapa inabidi nieleze walichokuwa wanahatarisha, maana ukisoma haraka utadhani ni ukarimu wa kawaida tu wa mgeni njoo mwenyeji apone. Mwaka mmoja kabla, Aprili 1942, kijiji cha Telavåg kule magharibi ya Norwei kilificha makomando wawili waliotoka Shetland vilevile. Gestapo wakaja, yakatokea mapambano, maofisa wao wawili wakafa. Jibu la Wajerumani likawa kukifuta kijiji, nyumba zote zikalipuliwa na kuchomwa, boti zikazamishwa, mifugo ikachukuliwa, wanaume 72 wakapelekwa kambi ya Sachsenhausen huko Ujerumani na 31 kati yao hawakurudi, wanawake na watoto wakafungwa. Kumfungulia mlango mtu wa aina ya Jan maana yake ni kuweka mezani kijiji kizima, na jirani zako ambao hujawauliza wamo humohumo kwenye hilo deni.

Jan mwenyewe alilijua hili na akajiwekea masharti: asikae nyumba moja muda mrefu, asiulize majina, asimwambie huyu ni nani aliyempokea jana. Ukimkamata yeyote kwenye mnyororo, hata umtese vipi, anajua mlango mmoja nyuma na pengine mmoja mbele, basi. Hii ndiyo ilikuwa nguvu ya mpango wote ambao kwa kweli haukuwa mpango, hakuna aliyekaa akauchora, ulijiunda wenyewe mlango kwa mlango. Mzee wa miaka zaidi ya 70 na kijana wake wakampigia makasia usiku kumvusha. Watu wengine wakampa skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji. Kila mtu alifanya kipande chake akarudi nyumbani kwake akanyamaza.

Halafu Jan akakosea mwenyewe, au tuseme milima ikamkosesha. Alipita Lyngseidet ambako askari wa Kijerumani walikuwepo, akapita na skii zake mchanamchana kama mtu anayeenda zake, akapanda kuelekea milima ya Lyngen. Kule juu dhoruba ikamkuta, maporomoko ya theluji yakamzoa, skii zikapotea, chakula kikapotea, macho yakapata upofu wa theluji maana mwanga ukiakisi kwenye weupe ule unaunguza macho. Siku kadhaa alikuwa anazunguka tu, haoni, anaongea na wenzake waliokwisha kufa. Mwisho akateremka kwenye kijiji cha Furuflaten bila kujua ni wapi, akaangukia ndani ya mlango wa nyumba moja.

Hapa ndipo kisa kinaponishika koo. Ile nyumba ilikuwa ya dada yake Marius Grønvoll, na Marius alikuwa mtu wa harakati za chini kwa chini. Kijijini humo mlikuwa na askari wa Kijerumani wamepiga kambi. Angeangukia mlango mwingine, sijui. Mwenye duka alikuwa ni mlango sahihi na mtu siye, huku ni mlango wa kubahatisha na mtu ndiye. Kama ungeandika hivi kwenye tamthilia watu wangekwambia umetunga kupita kiasi.

Wakamficha ghalani. Miguu ilikuwa imeganda, imeanza kuharibika, hawezi kusimama tena. Kuanzia hapo ndipo zinaanza zile siku 50 za mzigo. Tarehe 12 Aprili usiku wakamtoa kwa machela, wakapita karibu kabisa na shule walimolala askari, wakamweka kwenye mtumbwi, wakavuka fjodi ya Lyngen mpaka Revdal, kibanda kidogo cha mbao upande wa pili ambacho Jan alikibatiza jina la Hoteli Savoy. Wakamwachia chakula, wakaahidi kurudi. Dhoruba ikazuia. Siku zikapita, miguu inaoza, akaanza kujichoma na kisu cha mfukoni kutoa damu mbaya. Baadaye kule juu mlimani, gangrini ilipozidi, alijikata vidole vya miguu kwa mkono wake mwenyewe, vidole tisa.

Watu wengi wakisimulia wanaishia hapo kwenye vidole. Naelewa, inashtua. Ila ukiangalia kama kisa cha kuchambua, sehemu muhimu inaanza baada ya hapo, pale mnyororo unapokatika.

Mpango ulikuwa hivi: watu wa Furuflaten wampandishe mpaka uwanda wa juu wa mlima, watu wa kijiji cha Manndalen wapande kutoka upande wao, wakutane huko, wampokee, wampeleke mpakani. Vijiji viwili vimetenganishwa na fjodi na mlima, simu huwezi kutumia, ujumbe unakwenda kwa miguu ya mtu. Wanaume wanne wakamfunga Jan kwenye sleji wakaanza kumvuta kwenye mteremko mkali sana wa theluji, usiku, hatua kwa hatua, mtu akiteleza wote wanateleza naye. Wakafika juu. Hakuna mtu. Wale wa Manndalen walikwamishwa na hali ya hewa na Wajerumani waliokuwa wamefika kijijini kwao. Wale wanne hawawezi kubaki maana wakikosekana kijijini asubuhi wataulizwa. Wakachimba shimo kwenye theluji pembeni ya jiwe, wakamlaza humo na blanketi na chakula kidogo, wakashuka.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya hao wanne wakati wanashuka. Umemvuta mtu usiku kucha mpaka mikono haina hisia, halafu unamwacha kwenye shimo linalofanana kabisa na kaburi. Hujui kama wa upande wa pili watakuja. Huwajui. Unachoweza kufanya ni kuamini tu kwamba kuna watu kule ng'ambo ambao na wao wanafanya kipande chao.

Na walikuwepo. Ilichelewa sana, mpaka Marius na msichana mmoja wa kijijini walipopanda tena siku nyingi baadaye kwenda kuangalia walikuwa wanategemea kukuta maiti, wakakuta mtu anaongea. Watu wa Manndalen wakaja, wakawa wanapanda kwa zamu kumletea chakula, wakajaribu kumvuta kuelekea mpakani wakazidiwa na dhoruba wakamrudisha, wakajaribu tena. Kwa jumla Jan alikaa juu ya mlima ule, nje kwenye baridi, karibu mwezi mzima, na kila chakula alichokula pale kuna mtu alipanda nacho mgongoni. Manndalen ni bonde la Wasami wa pwani, wenyeji wa asili wa kaskazini ile, watu ambao serikali ya nchi yao wenyewe ilikuwa kwa miaka mingi inawabana waache lugha yao na majina yao. Walikuwa maskini na vita imewabana zaidi, chakula ni cha kugawiwa kwa kadi. Sijaona kumbukumbu yoyote inayosema walimuuliza kijana wa Oslo kwanini wao ndio wambebe.

Kuna adui mwingine ambaye hasemwi sana, naye ni mwanga. Kule kaskazini mwezi Machi bado kuna usiku wa kutosha kujificha. Aprili usiku unafupika kwa kasi. Kufika Mei, giza halipo kabisa, na kuanzia kama tarehe 20 Mei jua la Tromsø halizami usiku mzima. Kila siku aliyochelewa Jan mlimani ilikuwa inawaondolea wabebaji pazia lao. Kazi iliyoanza gizani inabidi imaliziwe kwenye mwanga wa saa 24, huku ndege na doria za Wajerumani zinaweza kuona alama ya sleji kwenye theluji kutoka mbali. Ukilijua hilo ndio utaelewa kwanini wale watu walikuwa hawangoji mpaka mambo yatulie, maana mambo yalikuwa yanazidi kuwa mabaya kwa mujibu wa kalenda.

Waliomaliza kazi ni Wasami wafugaji wa rendia, wale kulungu wa nchi za baridi. Majira yale mifugo inahamia pwani kutafuta malisho, kwahiyo kumpeleka mtu Uswidi maana yake ni kurudi kule walikotoka, kinyume na mwendo wa mwaka wao. Mazungumzo yalichukua siku. Wapo wanaosimulia kana kwamba walisitasita sana, mimi naona ni haki yao, mifugo ndiyo benki yao na ndiyo chakula cha watoto wao, na Wajerumani wakikukamata na mtu huyo unapoteza vyote pamoja na shingo. Mwisho wakakubali. Wakamfunga Jan kwenye sleji katikati ya kundi kubwa la rendia, wakakata kona ya Ufini, wakavuka ziwa lililoganda huku wanafyatuliwa risasi, wakaingia Uswidi. Tarehe 1 Juni. Akapelekwa kwa ndege mpaka hospitali ya Boden. Alikuwa mifupa mitupu.

Akapona. Akajifunza upya kutembea bila vidole, akarudi Uskoti kufundisha makomando wengine, baada ya vita akaja kuwa mwenyekiti wa chama cha askari waliopata ulemavu vitani.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Nimejaribu kuhesabu watu: wasichana wawili, mama zao, mzee wa makasia na mwanae, watu wa skii, dada wa Furuflaten, Marius na wenzake, msichana aliyepanda naye, wanaume wa Manndalen na wanawake waliopika kile chakula, Wasami na familia zao. Siwezi kupata idadi kamili na nadhani hakuna anayeweza, kwasababu mfumo wenyewe ulijengwa ili asiwepo wa kuijua. Na katika wote hao, kuanzia mtoto mpaka mzee, ukimtoa yule mwenye duka, hakuna aliyevunjika. Ingetosha mmoja tu. Ukiniuliza kuna nini cha ajabu kwenye hiki kisa, ni hicho. Kuvumilia maumivu ya mwili wako ni jambo kubwa lakini mwili ni wako, huna pa kuukimbilia. Hawa walikuwa na pa kukimbilia, walikuwa na mlango wa kufunga, na walikuwa na sababu nzuri kabisa ya kuufunga, sababu inaitwa Telavåg.

Nimeona watu wanasema walimsaidia kwasababu ya uzalendo. Inawezekana kwa baadhi. Ila mimi nikiangalia ni watu gani hawa, wavuvi na wafugaji kwenye nchi ambayo baridi inaua kila mwaka bila vita yoyote, naona kama kwao mtu aliyeganda mlangoni ana jibu moja tu, na hilo jibu lilikuwepo kabla ya Hitler. Bahari ikimtema mtu unampokea, utamuuliza baadaye katoka wapi. Haya ni maoni yangu. Lakini angalia namna walivyoishi baada ya vita, wengi walirudi kuvua na kufuga, na ilikuwa Jan ndiye anayewataja.

Kila Julai kule mkoa wa Troms kuna matembezi ya siku kadhaa, watu wanafuata njia aliyopitishwa. Wanapita kwa miguu kipande ambacho yeye alipita amelala chali anaangalia mawingu.

Jan alifariki tarehe 30 Desemba 1988. Kazaliwa Oslo, amepewa nishani na mfalme, ana ukoo wake huko kusini. Majivu yake yakapelekwa Manndalen. Yamezikwa kwenye kaburi la Aslak Fossvoll, mmoja wa wanaume wa bonde lile waliompandia mlimani na chakula, ambaye mwenyewe alikufa mwaka uleule wa 1943. Fossvoll alikuwa ameshalala pale peke yake miaka 45.